Maji Yasiyofika Darajani

“Daraja haliangushwi na maji yake.”

Vijana wanne wa upimaji waliofika Kitandu msimu huu walimsikia Bibi Kabula akiitamka methali hiyo alipowakuta wamesimama kandokando ya reli, macho yao yote yakiwa mtoni. Wakacheka. Daraja liangushwe na nini tena kama si maji yake? Bibi Kabula, aliyeuza tiketi katika stesheni ya Kitandu mpaka alipostaafu, hakuchukia. Aliwakaribisha barazani kwake, akawamiminia uji wa ulezi, akawaambia kwamba methali nyingi hazina mwenyewe, lakini hii ina mwenyewe, na mwenyewe ni Sungwa, baba yake mzazi. Kisha akawasimulia ilivyoanza, na ilianza hivi.

Zamani hizo magari moshi yalikuwa bado yanatoa moshi kweli, na mtu wa Kitandu alijua saa kwa mlio wa filimbi kabla hajatazama jua. Mji ulikuwa mdogo, watu wanajuana mpaka kwa kikohozi. Mto Lukwambe ndio uliowalisha wote. Ulishuka milimani, ukaingia kwanza katika bwawa la shamba la mkonge. Ukitoka bwawani ulipita kando ya nyumba ya pampu iliyopeleka maji mjini. Halafu ukapita chini ya daraja la reli na kwenda zake mabondeni.

Mto ulikuwa mmoja, lakini walinzi wake walikuwa watatu. Bwawani alikuwepo Msulwa, mfungua milango, mtu wa maneno mengi na kofia ya ukindu. Kwenye pampu alikuwepo Mama Matika, mjane aliyerithi kazi ya mumewe, na mashine ile ilimtii yeye kuliko ilivyowahi kumtii marehemu. Darajani alikuwepo Sungwa, Mnyamwezi, mnyapara wa gengi la reli, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitembea juu ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, kila asubuhi, akigonga reli kwa nyundo na kusikiliza zinavyojibu.

Kila mmoja alikuwa na kigingi chake cha kupimia maji, kimepakwa rangi nyeupe, na juu kabisa alama nyekundu. Maji yakiwa chini ya alama, mlinzi alipandisha kitambaa cha kijani kwenye mlingoti wake. Yakifikia alama, alipandisha chekundu. Agizo lilitoka bomani, lakini watu wa Kitandu walilifanya kuwa lao. Akina mama hawakuteremka kwenye bustani za mtoni kabla ya kutazama milingoti. Watoto wa ng’ambo walivuka kwenda shule kwa kuangalia vitambaa. Asubuhi njema ilikuwa ile ambayo vitambaa vitatu vya kijani vilipepea, kimoja kule juu bwawani, kimoja pampuni, kimoja darajani, na watu waliamkiana kwa kuvitaja: “Za asubuhi?” “Kijani tupu!” Hapo sauti ya Bibi Kabula ikapungua kidogo, maana salamu hiyo hajaisikia tena kwa miaka mingi, na anaikumbuka kuliko nyimbo.

Lakini kizuri hakikosi kasoro. Taratibu kijani kikawa sifa, na chekundu kikawa aibu. Mlinzi aliyepandisha chekundu, na mafuriko yasitokee, alichekwa kilabuni mwezi mzima. Sungwa alikuwa ameonja shubiri hiyo. Miaka mitano nyuma alisikia mto ukinguruma kwa namna asiyoipenda, akapandisha chekundu na kusimamisha gari la abiria. Maji hayakufika hata kwenye magoti ya daraja. Abiria walichelewa nusu siku, na tangu hapo watoto wakamwita Sungwa Mwekundu. Inspekta wa njia alikuja na kumwambia kwa utulivu uliouma kuliko matusi, “Mnyapara, ukirudia, utanikabidhi ufunguo wa nyumba.” Nyumba ya gengi iliendana na kazi. Kupoteza kazi kwa Sungwa kulikuwa kupoteza Kitandu yenyewe, mji alikooa, alikozaa na alikomzika mama yake.

Basi, ikaja masika moja ambayo mvua ilinyesha milimani siku nne mfululizo, na Kitandu jua linawaka. Siku ya tano asubuhi vitambaa vyote vilikuwa kijani. Sungwa alipima kigingi chake, akakuta maji yako futi tatu chini ya alama, akashukuru Mungu, akawatuma watu wa gengi kwenda kukaza njia maili sita upande wa magharibi.

Saa nane mchana Msulwa alifika darajani kwa baiskeli, anapiga kengele toka mbali kama bwana harusi.

“Mtani wangu Mwekundu!” aliita. “Leo nistahi. Bwawa lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Wengine wangepandisha kitambaa cha damu. Mimi nimefungua mlango tangu saa mbili asubuhi, na sasa limepungua, liko shwari. Kijani changu hakijashuka!”

Sungwa alicheka, maana Msulwa alichekesha hata akitukana. Kisha akainama juu ya daraja akatazama kigingi chake. Futi tatu, pale pale. Kicheko kikamwisha.

Katika miaka kumi na tisa alikuwa amejua jambo moja ambalo halikuandikwa popote. Maji yakiachiwa bwawani, hufika darajani baada ya muda wa kuchemsha maharage makavu mpaka yaive: saa tatu, zikizidi nne. Kigingi kilipaswa kuwa kimepanda tangu kabla ya adhuhuri. Mtu mwingine angefurahi kuona hakijapanda. Yeye alimgeukia mfungua milango.

“Msulwa,” akasema, “kwako maji yameondoka. Kwangu hayajafika. Yako wapi?”

“Ah, hayaji huku! Nimemhurumia Mama Matika, juzi pampu yake ilijaa mchanga. Nimefungua mlango wa pembeni, nikayapitishia korongoni.”

Korongo hilo lilikuwa kavu mwaka mzima. Lilitoka ubavuni mwa bwawa, likazunguka nyuma ya mji, likapita chini ya tuta la reli kwenye karavati, tundu la mawe la kupitishia maji, hatua kama mia tatu kutoka darajani upande wa mashariki, halafu likaungana na mto baada ya daraja. Sungwa aligeuka akatazama mahali hapo pa kuungana. Kutoka darajani ulionekana mchanga mweupe, na mbuzi wawili wamelala juu yake.

“Yameingia juu,” alisema polepole, “na chini hayajatoka.”

Kabla Msulwa hajajibu, Mama Matika akatokea akitembea juu ya mataruma, kanga ameifunga kiunoni, miguu ina tope mpaka magotini.

“Mnyapara, njoo unieleze,” alisema, hata salamu akaisahau. “Mto uko chini, kijani changu kiko juu, lakini chumba cha pampu kinajaa maji. Hayaingii kwa mbele, mtoni. Yanaingia kwa nyuma, toka upande wa tuta lako.”

Wote watatu walikwenda. Mwendo wa hatua mia tatu, na Bibi Kabula alisema baba yake hakuwahi kutembea njia ndefu kuliko hiyo. Walipofika juu ya karavati walikuta ziwa. Upande wa kaskazini wa tuta, pale palipokuwa vichaka, maji ya kahawia yalikuwa yametanda, yamenyamaza. Upande wa kusini, mdomo wa karavati ulidondosha matone tu.

Sungwa hakuhitaji kupiga mbizi kujua kilicho chini. Shamba la mkonge lilikuwa likitupa makapi yake korongoni, kwa kuwa korongo ni kavu. Idara ya maji ilikuwa imepitisha bomba lake ndani ya karavati, kwa kuwa bomba ni jembamba. Na yeye mwenyewe, Sungwa, mwaka uliopita alikuwa amechomeka nondo nne mdomoni mwa karavati ili ng’ombe wasipite chini na kulegeza mawe. Nondo nne tu. Maji gani yangezuiwa na nondo nne? Hakumwambia mtu. Makapi yakashikwa na nondo, yakaegemea bomba, yakajikaza kama kizibo cha kibuyu. Tuta la reli, lililojengwa kubeba gari, likawa bwawa bila ya kuombwa.

Na maji yakikosa mlango hutafuta. Yalikuwa yameambaa chini ya tuta kuelekea magharibi mpaka darajani, nyuma ya ukuta wa mawe uliobeba ncha ya daraja. Walirudi mbio. Sungwa akateremka, akaweka kiganja kwenye ukuta. Katikati ya mawe, usawa wa kiuno cha mtu, maji yalikuwa yakichuruzika kwenda mtoni, na hayakuwa meupe. Yalikuwa mazito, yenye udongo. Aliyefanya kazi ya tuta anajua: maji meupe yanapita tu, maji ya tope yanaondoka na tuta. Nyuma ya ukuta ule tayari palikuwa na shimo.

“Gari la abiria ni saa kumi,” alisema Mama Matika.

Ilikuwa inakaribia saa tisa na robo. Gari lilitoka pwani, upande wa mashariki, na wiki ile ya kufunga shule lilikuwa limejaa watoto wanaorudi makwao.

“Mtani,” Msulwa alisema, na safari hii hakukuwa na utani, “kigingi chako kiko futi tatu chini. Ukisimamisha gari kwa mto mkavu, yule inspekta atakula nyama yako mbichi.”

“Najua.”

“Labda litavuka. Likivuka leo, kesho tunazibua karavati, hakuna atakayejua.”

Sungwa alisimama. Hakuwa shujaa, alisema binti yake. Alikuwa mtu mwenye watoto sita na nyumba isiyo yake. Aliogopa. Alitazama paa la nyumba yake lililoonekana ng’ambo ya mto, moshi wa jikoni unatoka, akawaza ufunguo. Kisha akachukua kitambaa chekundu na fataki tatu za reli, zile zinazofungwa juu ya chuma zikanyagwe na gurudumu zilie kumwonya dereva, akakimbilia mashariki.

Fataki zililia moja baada ya nyingine. Gari likapiga kelele za breki, likasimama mabehewa yakigongana, hatua mia mbili kutoka kwenye karavati. Dereva akateremka, mtu mnene mwenye leso shingoni, ghadhabu imempanda.

“Mnyapara! Kuna nini?”

“Daraja halina nyuma, bwana. Udongo umeliwa.”

Dereva alikwenda naye mpaka mahali pa kuuona mto; lile ziwa kando ya tuta alipoonyeshwa aliliona dimbwi tu. Abiria wakawafuata, wengine wamebeba watoto, mmoja na kuku kwapani. Wakachungulia. Lukwambe ulikuwa unapita chini kwa upole, hauloweshi hata viuno vya nguzo.

“Huu ndio mto?” mtu akauliza, na kicheko kikazagaa.

“Si huyu ndiye Sungwa Mwekundu?” mwingine akasema.

Dereva akanyoosha mkono kuelekea mlingotini. Kwa haraka Sungwa alikuwa amesahau kukishusha kitambaa chake, na kijani kilikuwa kinapepea kwa raha zote.

“Mzee wangu,” alisema dereva, “mkononi una chekundu, mlingotini una kijani. Vyote vyako. Nifuate kipi?”

“Fuata cha mkononi. Kile cha juu kinatoa habari za mto tu.”

“Na daraja limejengwa juu ya nini? Juu ya barabara?” Watu wakacheka tena. “Nakupa dakika kumi. Zikiisha napita polepole, na jina lako naliandika.”

Sungwa alikaza kitambaa chekundu mkononi. Alirudi mbele ya injini, akaketi juu ya reli. Mama Matika alimtazama, akaja akaketi pembeni yake, akavuta kanga yake vizuri kama aliyekaa arusini. Msulwa alizungukazunguka, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mwishowe na yeye akaketi.

“Mtani, ukinifanya nifukuzwe kazi,” alinong’ona, “nitahamia kwako.”

“Kwangu wapi?” alijibu Sungwa.

Dakika saba zilipita. Hapakuwa na kishindo cha kutisha kama watu wanavyosimulia siku hizi, wakitia chumvi. Ulisikika mguno. Tuta nyuma ya ukuta lilizama, ukuta ukainama mbele kama mzee anayesinzia, na kipande cha kwanza cha daraja kikaachia, kikalala mtoni, ndani ya maji yasiyofika kiunoni. Ziwa lote likapata mlango, likamiminika, likasomba na karavati. Mtu wa kuku akamwachia kuku wake. Watoto wa shule walijazana madirishani. Dereva alivua leso yake shingoni, akafuta uso, halafu akaenda akamwinua Sungwa kwa mikono yake miwili.

Siku tatu baadaye inspekta aliwaita walinzi wote watatu katika chumba cha kungojea abiria, na nusu ya mji ikajaa madirishani. Alifungua vitabu vyao vitatu. Siku ya ajali, kurasa zote tatu zilisema kijani.

“Mnyapara,” alisema, “maji yalifika alama nyekundu?”

“Hayakufika, bwana.”

“Hata karibu?”

“Futi tatu chini.”

“Basi nieleze kilichoangusha daraja langu.”

“Bwana,” alisema Sungwa, “daraja haliangushwi na maji yake. Maji ya chini ya daraja nilikuwa nayatazama kila siku. Yaliyoliangusha yalipita kwingine.”

Watu wa madirishani wakaguna kwa kuridhika. Neno lilikuwa limekaa sawa. Inspekta naye alilipenda. Akaandika. Kisha akamgeukia Msulwa, na uso wake ukabadilika. Yaliyopita kwingine yalipitishwa na nani? Nani alifungua mlango wa pembeni bila kupeleka habari? Makapi yalikuwa ya shamba la nani? Msulwa alisimama, akizungusha kofia ya ukindu mikononi. Ilikuwa wazi kwamba kazi yake imekwisha, na labda na jela ipo.

Hapo ndipo Sungwa aliposikia maneno yake mwenyewe kwa mara ya pili. Aliyasema kwa ukweli, lakini yalikuwa yamemwosha yeye na kumchafua mwenzake. Nondo zilikuwa zimesombwa na maji pamoja na karavati. Hakuna aliyeziona zikichomekwa. Ufunguo wa nyumba ulikuwa mfukoni mwake, na sasa alikuwa ndiye aliyeokoa gari la abiria. Kunyamaza kulitosha.

“Bwana, sijamaliza,” alisema. “Makapi yangepita. Yalizuiwa na nondo nne. Nondo nilizitia mimi, wala sikumwambia huyu, wala huyu mama. Kama daraja langu liliangushwa na maji ya Msulwa, basi pampu ya Mama Matika ilizamishwa na tuta langu. Hakuna hapa aliyepoteza kwa maji yake, wala hakuna aliyetoka na mikono mikavu.”

“Na bomba ni langu,” alisema Mama Matika kutoka kwenye benchi. “Liandike na hilo.”

Inspekta aliweka kalamu chini. “Ungenyamaza, mzee,” alisema, karibu kwa huruma.

“Ningenyamaza, mngemfukuza Msulwa na kuchomeka nondo kwenye karavati jipya.”

Msulwa hakufukuzwa. Mwezi huo huo ikatoka amri kwamba walinzi wa mto wakutane kila asubuhi pampuni, na kila mmoja aulizwe maswali mawili kabla ya kupandisha kitambaa chochote: umepokea nini, na umetoa nini kwenda kwa mwenzako? Daraja jipya lilijengwa, na ndilo hili vijana wa upimaji walilokuwa wanalipima. Halijapata kutikisika.

Lakini kuweka kitu kwenye karavati bila kibali lilikuwa kosa, na kosa lina adhabu. Sungwa alivuliwa unyapara, akahamishiwa gengi la mbali huko kwenye ukame, ambako mito hupita mara moja kwa mwaka. Aliukabidhi ufunguo. Siku ya kuondoka, Mama Matika alileta mkungu wa ndizi, na Msulwa, aliyekuja kutania ili watu wasilie, alilia kabla ya watu wote. Sungwa alipanda gari na mkewe na watoto sita, na likavuka daraja la muda polepole sana. Hakuchungulia mto. Alitazama upande wa korongo mpaka likapotea machoni. Hakurudi kuishi Kitandu tena. Alizikwa huko huko ukameni, na Bibi Kabula alisema wazi kwamba jambo hilo linamuuma hadi leo, na kwamba aliomba kazi ya tiketi Kitandu kwa sababu hiyo tu, ili mtu mmoja wa nyumba ile arudi.

Vijana wa upimaji waliweka vikombe vya uji chini. Mmoja wao, binti mwenye daftari, akauliza kama hapa Kitandu watu bado wanaitumia methali hiyo.

“Wanaitumia, lakini wengi wanaikata nusu,” alisema Bibi Kabula. “Mtu akipatwa na jambo anaisema ili amwonyeshe jirani kidole. Baba yangu naye aliisema hivyo mara ya kwanza. Kisha akaishi na nusu ya pili: kwamba yale maji unayoyaondoa kwako ukidhani si kitu, kuna mahali yanakwenda, na huko kuna daraja la mtu. Mkipima, pimeni hivyo. Daraja haliangushwi na maji yake.”